Meza ya Tatu

Kwenye mstari wa wauza mitumba, nyuma ya stendi ya mabasi, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bei Moja. Si kwamba bei yake ilikuwa moja, hata kidogo. Bei alikuwa nazo nyingi kuliko nguo. Ila kila mteja aliyeuliza kama inapungua alijibiwa, "Bei moja, mpenzi," kwa sauti laini kama ya mtu anayempa mgonjwa pole, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Meza yake ilikuwa ya kwanza, karibu na bomba la maji. Mashati aliyatundika kwa rangi, kuanzia jeupe kwenda jeusi. Suruali alizikunja mara tatu, lebo juu. Makoti aliyaweka nyuma, nusu yamefichwa, maana alijua mtu hupenda zaidi kitu alichokifukunyua mwenyewe.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kupanga nguo, ilikuwa kunyamaza. Mteja akikataa bei akaondoka, Bei Moja hakumwita. Aliinamisha kichwa akaendelea kukunja. Mteja akapita meza ya jirani, ya mikoba, iliyokuwa ya wifi yake. Akapita ya viatu. Akifika kwenye mapazia, ambayo ukiacha ya kwake ilikuwa meza ya tatu, ndipo Bei Moja alipoinua macho. Mtu aliyeipenda nguo kweli, alikuwa akisema, miguu inamwishia nguvu kwenye mapazia. Atasimama. Atajifanya anapima pazia ambalo nyumbani kwake halina dirisha. Kisha atageuka.

Akigeuka mwenyewe, bei ni ya mwenye meza. Lakini mwenye meza akimwita kabla hajageuka, basi amekiri mbele ya mstari mzima kwamba bei yake ilikuwa ya uongo, na hapo mteja ndiye anayetaja anachotaka, na wewe unafunga mzigo huku unatabasamu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ilishikwa kuliko zile za manispaa zilizobandikwa ukutani juu ya choo.

Bei Moja hakuwahi kumwita mteja. Wengine waliita wakati wa mvua, wakaita wakati wa karo za shule. Yeye alikunja.

"Wewe roho yako imeshonwa kwa uzi wa nailoni," wifi yake alizoea kumwambia.

"Na wewe yako ina zipu," Bei Moja alimjibu. "Kila mtu anaifungua."

Basi siku moja asubuhi, kinyozi wa barabara ya juu alikuja mbiombio, aproni bado kifuani, nywele za watu mabegani. Mbali na kunyoa, kinyozi huyu alikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya mtaa.

"Dada, kaa chini," akasema.

"Nimekaa."

"Basi simama, maana utakaa tena. Timu kubwa inamtaka Kijiti!"

Kijiti alikuwa mwanawe Bei Moja, mtoto wake wa mwisho, kijana wa miaka ishirini, mrefu, miguu myembamba iliyompa jina hilo tangu shule ya msingi. Alicheza pembeni kushoto. Akishika mpira, watu wa mtaa walisimama hata kama walikuwa wamekalia viti vya kukodi. Wakati huo alikuwa juu ya bunda la nguo, anakata kamba. Aliposikia, kisu kilisimama.

"Ni kweli, mama," akasema polepole. "Walinipigia juzi. Mshahara tumeshaelewana. Sikutaka kukwambia mpaka liwe jambo la uhakika."

"Bado halijawa," kinyozi akadakia. "Wakala wao anakuja leo mchana, na dirisha la usajili linafungwa leo hii saa kumi na moja jioni."

"Likifungwa waingie mlangoni," Bei Moja akasema.

"Dada, likifungwa hakuna anayeingia wala kutoka mpaka nusu ya msimu. Wao wanataka mtu sasa. Wasipompata huyu wanachukua mwingine, na hawatarudi tena."

Bei Moja akamtazama mwanawe. Kijiti alikuwa anafuta kwenye suruali kisu kisicho na uchafu. Mama aliijua mikono ile. Ndivyo ilivyofanya alipokuwa mdogo, anasimama mbele ya duka la viatu vya mpira na haombi.

"Sawa," akasema. "Sasa mimi mnanitakia nini?"

"Uuze."

"Mwanangu simuuzi!"

"Hauzwi yeye. Ana mkataba na sisi, umebaki mwaka mmoja. Wao wanatulipa ili tumwachie. Inaitwa ada ya uhamisho. Kinachouzwa ni mkataba tu."

"Mkataba una miguu? Mkataba unapiga krosi?"

Wifi yake akacheka mpaka mkoba ukamwanguka. Kinyozi akajifuta uso kwa aproni, nywele za watu zikamganda kwenye jasho.

"Dada, nihurumie. Mimi kwangu bei ya kunyoa imeandikwa ukutani, mtu anakaa, ananyolewa, analipa. Sijawahi kubishana bei na mtu tangu nizaliwe. Huyo wakala atanimeza na sabuni yangu. Timu inahitaji paa la chumba cha kubadilishia nguo. Inahitaji nyavu za magoli. Hizi tulizo nazo mwenyewe unajua, ni waya wa banda la kuku."

"Walibaki kuku wawili humo humo msimu uliopita," wifi akasema. "Ndio waliokuwa mabeki."

"Nitakuja," Bei Moja akasema. Alishaanza kufunga kilemba upya.

"Mama," Kijiti akamwambia, "nenda nao taratibu basi. Usije ukawatisha."

"Mimi niliuza koti la sufi mwezi wa jua kali, mnunuzi akashukuru. Nitamtisha nani?"

Kijiti akacheka. Asubuhi ile bado alikuwa anacheka.

*

Duka la kinyozi lilikuwa na viti vitatu vya kuzunguka, kimoja hakizunguki. Kioo kilikuwa na ufa uliomkata kila mteja shingoni. Palinukia spiriti na poda. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa upande wa kulia tu, akaambiwa asubiri kidogo kuna mkutano, naye hakulalamika. Mkutano wenyewe aliutaka.

Wakala alikaa kwenye kiti kisichozunguka, mkoba juu ya magoti, simu mbili juu ya mkoba. Shati limepigwa pasi vizuri. Bei Moja hakumtazama usoni, alimtazama viatu, kama alivyozoea. Viatu vizuri, lakini visigino vimelika upande wa nje. Akajisemea moyoni: huyu ametumwa. Na mtu aliyetumwa hupewa mafungu mawili, moja la kutaja na moja la kuficha.

Kijiti alikaa kwenye benchi la kungojea, begi lake miguuni. Lilikuwa limejaa tayari. Alishalipanga.

"Tumeleta milioni sita," wakala akasema.

Kinyozi akafungua mdomo kusema asante. Bei Moja akamkanyaga mguu.

"Sita za mguu gani?" akauliza.

"Samahani, mama?"

"Nauliza, hizo sita ni za mguu wa kushoto peke yake, au umetaja yote miwili kwa makosa?"

Mwenye nusu kichwa akacheka. Wakala akatabasamu kidogo, akajiweka sawa kitini. Hakuwa mgeni wa kazi hii.

"Mama, tuseme kweli. Kijana ni mzuri, lakini ni mwembamba. Mabeki wa ligi kuu watamvunja."

"Wembamba ndio unaompitisha. Umeona wapi mnene anapita kwenye mlango uliofunguliwa nusu?"

"Mguu wa kulia hautumii kabisa."

"Ndiyo maana bado ni mpya."

"Saba. Lakini pia mipira ya juu haigusi. Kichwa hakitumii."

"Kichwa chake nilikilea kwa ajili ya kofia na akili. Kama mnataka cha kugongea, nunueni nyundo."

"Na goti hilo, naona lina kovu. Daktari wetu atauliza."

"Mwambie hivi daktari wenu. Hilo kovu alilipata akiwa na miaka saba, ananikimbia mimi nataka kumwogesha. Akaanguka, akainuka, akaendelea kukimbia, sikumpata mpaka giza. Mimi mama yake, mwenye sabuni mkononi na hasira moyoni, sikumpata. Beki wako gani atampata?"

"Nane," wakala akasema, na safari hii alicheka kweli.

Basi ikawa hivyo. Yeye anatoa dosari, mama anaipaka rangi, bei inapanda ngazi moja. Tisa. Tisa na nusu. Kinyozi alikuwa amekaa na wembe mkononi, hajui anashika nini. Kila bei ilipopanda alivuta pumzi, na kichwani mwake paa la chumba cha kubadilishia nguo likawa na dari, dari likawa na feni.

"Kumi," wakala akasema. "Milioni kumi, mama, na hapo ndipo ninapoishia mimi."

"Kumi na tano."

Hapo Bei Moja alishapata moto. Mtu wa kazi akipata moto, mikono hufanya yenyewe. Akamshika Kijiti mkono, akamsimamisha, akamgeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga, kama anavyofanya na koti. "Ona huu mgongo. Ona mabega yalivyokaa. Vuta hapa," akamfinya paja, "vuta, usiogope, halitanuki ovyo. Hii gredi ya kwanza. Hakijafuliwa hata mara mbili! Na usidhani uko peke yako, wapo wengi wanamuulizia. Kama hukitaki, acha."

Watu wakaangua kicheko. Mlangoni walishajaa, wifi naye alikuwa ameacha mikoba yake akaja, na nyuma yake muuza viatu na muuza mapazia. Kila mtu alicheka isipokuwa mmoja.

"Mama," Kijiti akasema kwa sauti ya chini, shingo bado imegeuzwa, "kwani mimi ni shati?"

Alimsikia. Lakini kulikuwa na mteja mbele yake na bei ilikuwa imeshika. "Nyamaza, tuko kazini," akamwambia.

Simu moja ya wakala ikalia mara moja, ikakatika. Akaitazama. Akaitikisa. Akainuka, akachukua mkoba wake, akasema "Samahani" kwa watu wa mlangoni, akapita katikati yao, akaenda zake.

Mwenye nusu kichwa akaacha kucheka.

"Dada," kinyozi akanong'ona. "Ameondoka."

"Mwache."

Bei Moja akachukua mataulo ya kinyozi yaliyokuwa yamerundikwa kwenye beseni, akaanza kuyakunja. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. "Mwacheni aende. Amempenda, nimemwona. Duka la kwanza kutoka hapa kuna nini?"

"Fundi saa," wifi akajibu kutoka mlangoni. "Ameshampita."

"Halafu?"

"Muuza madaftari. Anampita... amempita."

"Na la tatu?"

"Duka la dawa."

"Hapo ndipo atakaposimama. Atajifanya anaumwa kichwa." Akakunja taulo mara tatu, pindo ndani. "Niambieni akigeuka."

Wote walimtazama wakala, shingo zimenyooka kama wanaotazama penalti. Wakala akafika kwenye duka la dawa. Hakusimama. Hata mwendo hakupunguza. Akalipita, akapita duka la vyombo, akaongeza hatua kuelekea gari lake lililoegeshwa mwisho wa barabara pale kwenye mwinuko.

"Amepita, wifi," yule wa mikoba akasema. Safari hii hakuwa na utani sautini.

"Maduka ya huku ni membamba kuliko meza zetu," Bei Moja akasema. "Hesabuni tena."

Hakuna aliyehesabu. Saa ya ukutani juu ya kioo ilikuwa imeshapita saa kumi. Na hapo ikasikika zipu.

Kijiti alikuwa amefungua begi lake. Akatoa viatu vyake vya mpira, akavifuta kwa kiganja, akavisukuma chini ya benchi, pale wachezaji wote wanapoweka vyao siku za mazoezi, kisigino kwa kisigino. Hakumtazama mtu. Hakumlaumu mtu. Akatoa na taulo, akalikunja vilevile alivyofundishwa na mama yake, mara tatu, pindo ndani.

Bei Moja alikuwa amesoma migongo ya watu maisha yake yote. Aliyeipenda nguo, asiyeipenda, anayejikaza, asiye na kitu mfukoni. Ule mgongo ulioinama chini ya benchi hakuhitaji kuusoma.

Taulo likamtoka mikononi.

Alitoka mbio. Mwanamke wa umri wake, mwenye magoti yake, alipita katikati ya watu kama maji. Kandambili moja ilimvuka mbele ya muuza madaftari, hakuirudia. Fundi saa alitoa kichwa dirishani na kioo chake cha jichoni. Alipofika duka la dawa pumzi zilikuwa zimemwishia, akashika nguzo, akafanya kile ambacho hakuwahi kukifanya mvua wala jua.

"Mteja!" akaita.

Barabara nzima ikasimama.

"Mteja! Rudi! Mchukue! Mchukue kwa bei yako!"

Muuza viatu akajishika kichwa. Muuza mapazia akasema, "Ameita. Jamani, ameita." Hata mwenye duka la dawa, asiyehusika na mitumba wala mpira, alielewa kwamba kuna kitu kikubwa kimevunjika, akaja mlangoni na chupa mkononi.

Wakala alikuwa amesimama kando ya gari lake, juu kabisa kwenye mwinuko, mkono mmoja ameuinua juu na simu, kama mtu anayechungulia ukuta. Akageuka. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akipumua, sauti iliyotoka kwenye ile simu ilisikika mpaka kwa kinyozi, maana wakala alikuwa ameiweka kwenye spika ili aisikie vizuri.

"...nimesema sawa!" simu ikasema. "Kumi na tano, wape, malizana nao kabla muda haujaisha. Unanisikia sasa?"

"Nakusikia, bosi," wakala akajibu. Alikuwa amefumba macho.

"Na huyo anayepiga kelele ni nani?"

"Ni... mama yake kijana."

"Anasema nini? Nimesikia anasema bei yetu?"

Wakala akafumbua jicho moja, akamtazama Bei Moja kule chini. Bei Moja naye akamtazama yeye, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

"Ndiyo, bosi."

"Bei yetu ni ngapi?"

"Kumi."

"Basi si kumi! Unangoja nini?" Simu ikakatika.

Kinyozi akaketi chini palepale kwenye ukingo wa barabara. Feni ikaondoka, dari likaondoka, likabaki paa la bati.

"Mtandao," wakala akasema alipowafikia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kifaranga. "Mle ndani kwa kinyozi hakuna mtandao, mama. Bosi alinipigia ikakatika. Nilikuwa natafuta mtandao ili nimwombe hizo tano zako."

Wifi akaja mbio, mikono hewani. "Kataa! Wifi, kataa! Sote tumesikia, alishasema kumi na tano! Masikio ya watu thelathini haya!"

"Nimeita," Bei Moja akasema.

"Hiyo ni sheria ya mitumba! Hapa tunauza mtu!"

"Hatuuzi mtu, tunauza mkataba, mwenyekiti ameshasema," Bei Moja akajibu. "Na sheria haikagui mzigo. Aliyeita, ameita. Nimewacheka wangapi nyinyi mlipoita? Leo nicheke mwenyewe."

Alisema hivyo, lakini hakucheka. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu kwa macho. Akamwona anapanda polepole kutoka kwa kinyozi, begi begani, viatu vya mpira vimening'inia shingoni kwa kamba zake, na mkononi ameshika kandambili. Kijiti akafika, akainama, akaiweka chini mbele ya mguu wa mama yake, pua ikielekea mbele, kama muuza viatu anavyomfanyia mteja anayemheshimu.

"Vaa, mama," akasema. "Lami ina moto."

*

Mkataba ulisainiwa juu ya boneti ya gari, maana ndani kwa kinyozi hapakuwa na mtandao na karatasi zilitakiwa kupigwa picha na kutumwa kabla ya saa kumi na moja. Mtaa mzima ulisimama kuwakinga upepo. Kijiti akasaini. Mwenyekiti akasaini, kalamu ameishika kama wembe. Dirisha lilikuwa limebaki ufa tu.

Kabla ya kufunga kalamu wakala akasita. "Mama, hizo tano siwezi kuzirudisha. Lakini kuna mstari hapa ninaoruhusiwa kuujaza mwenyewe bila kumwuliza bosi. Kijana akiuzwa tena kwenda timu nyingine, sehemu ya kumi ya bei hiyo itarudi kwenu. Wengi hawaiombi."

"Hata mimi sijaiomba."

"Ichukue kama nyongeza."

Bei Moja akafikiri kwa lugha anayoijua. "Yaani mimi nimekuuzia koti. Wewe ukienda kuliuza kwa mwingine, nami narudishiwa hela ya mkono mmoja?"

"Ya mkono mmoja. Na siku hizi bei za wachezaji zinapanda kama moshi. Mkono mmoja wa kesho unaweza kuzidi koti zima la leo."

"Andika," akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

"Na nyavu je?" kinyozi akauliza, ameketi tena kwenye ukingo wa barabara.

"Nyavu nitawaletea mimi mwenyewe," wakala akasema. "Tulizobadilisha mwaka huu. Zimetumika kidogo."

"Nyavu za mitumba," wifi akasema. "Gredi gani?"

"Ya kwanza," wakala akajibu, na hapo hatimaye hata kinyozi akacheka, akainuka kwenda kummalizia yule mtu nusu ya kichwa.

*

Kesho yake, kabla meza hazijatandikwa zote, mstari ulishamchangamkia. Muuza viatu alipita mbele yake akaenda kusimama kwenye mapazia, akakohoa, akangoja aitwe. Muuza mapazia akamwuliza kama anapokea wateja kwa kengele au kwa filimbi.

"Wifi, jina lako limebadilika," wa mikoba akamwambia. "Kuanzia leo wewe ni Mama Rudi."

"Niite unavyotaka. Mimi nina mkono mmoja wa koti huko duniani, wewe una nini? Zipu."

Basi la Kijiti lilikuwa linaunguruma stendi. Alikuja kumuaga mama yake akiwa amevaa shati jeupe, la kwanza kabisa kwenye mpangilio wa meza, lile ambalo Bei Moja hakuwahi kukubali kulitaja bei. Mama akamnyoosha kola iliyokuwa imenyooka tayari.

"Umeniuza rahisi, mama," Kijiti akasema.

"Sikukuuza rahisi. Nimekuuza haraka."

"Ungenyamaza kidogo tu, ungepata kumi na tano."

"Ningenyamaza, na wewe ungekuwa chini ya benchi unapanga viatu." Akamtoa uzi ambao haukuwepo begani. "Nenda. Usiogope mabeki. Na ule vizuri, ili upande bei."

"Na lile nililokuuliza jana?" Hakuwa anamtazama, alikuwa anachezea kamba ya begi. "Kuhusu shati."

Bei Moja akageukia meza. Akakunja suruali moja, akaikunjua.

"Shati halina mama," akasema.

Kijiti akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu chenji akakuta iko sawa. Akampa mkono, kisha akamkumbatia, kisha akaweka begi begani akaondoka.

Akapita meza ya mikoba, shangazi yake akampiga mgongoni kwa mkoba mdogo kisha akamwachia auchukue. Akapita meza ya viatu. Bei Moja alikuwa ameinamisha kichwa anakunja, kama ilivyo desturi. Alipoinua macho, Kijiti alikuwa amefika kwenye mapazia.

Akasimama.

Hakugeuka. Alishika pazia moja la maua, akalivuta, akalinusa, akalipima kwa mkono kama mtu mwenye nyumba ya madirisha kumi. Basi likapiga honi. Yeye akashika pazia la pili. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na kutoka meza ya kwanza huwezi kujua kama mtu anacheka au analia, labda uwe umeuogesha mgongo huo kwa mikono yako.

Mstari mzima ukaacha kazi. Wifi akamtazama Bei Moja. Honi ikalia tena.

Bei Moja akaweka nguo chini, akajifunga khanga vizuri, akaweka mikono miwili mdomoni.

"Mteja!" akaita kwa nguvu zake zote. "Rudi tuongee!"

Naye Kijiti akageuka, akarudi mbio kwa miguu yake ile myembamba, huku muuza mapazia akipiga kelele nyuma yake, "Na pazia langu je? Jamani, huyu ananunua au hanunui?"